Kichwa Kilichokatwa

Seremala alikuwa na maneno mengi kuliko mbao zake. Akipiga randa uani, humtania mkewe. "Mimi nisingekuwepo, nani angekuoa na ukali huo?" Mkewe hucheka huku akifagia maranda. Mikono ya mumewe ndiyo iliyowalisha wao na binti yao mdogo.

Mchana mmoja nyoka alitokea kwenye rundo la mbao. Seremala alichukua shoka akamkata kichwa.

"Kwisha habari yake!" alisema.

"Basi kakitupe hicho kichwa," mkewe alimwambia. "Mtoto asije akakikanyaga."

Seremala alimaliza kwanza kupiga msumari. Kisha akaenda, akainama, akanyoosha mkono. Vidole vilipokikaribia, kichwa kilipanua kinywa kikamng'ata.

"Mama yangu! Mzoga unauma!"

Mkewe alikimbilia kamba na wembe. Muuguzi, jirani yao, alisikia kelele akaja mbio.

"Acha, dada! Usimfunge wala usimchanje, utamzidishia madhara. Shemeji, vua pete. Tulia, usitikise mkono. Twendeni hospitali sasa hivi."

Kwenye benchi la hospitali, mke alilia. "Nyoka alikuwa amekufa! Na mimi ndiye niliyemtuma mume wangu."

"Hukujua," muuguzi alisema. "Nyoka wa aina ile ana vishimo viwili usoni, kimoja kila upande, kati ya jicho na pua. Ndani mna utando mwembamba uliojaa ncha za seli za neva. Seli hizo huhisi joto. Hata gizani, anajua panya alipo."

"Na kichwa kikishakatwa?"

"Seli hazifi papo hapo. Mkono wa shemeji ulikuwa na joto. Seli zikapeleka habari, na kinywa kikauma. Hata baada ya saa nzima kinaweza kuuma."

Dawa ya sumu iliokoa maisha ya seremala. Vidole viwili vilioza, vikakatwa. Alirudi nyumbani, akajifunza upya kushika randa. Utani uliisha. Uani palikuwa kimya, na kimya kile kilimuumiza mkewe kuliko matusi. Majuto ni mjukuu.

Walihamisha mbao mbali na nyumba, wakazipanga juu ya vichanja. Hata hivyo, mvua ziliponyesha, nyoka mwingine alipita njiani. Muuza mkaa alimkata kichwa kwa panga, akainama akiokote.

"Usiguse!" mke wa seremala alipiga kelele.

"Si amekufa, mama?"

Seremala alitoka uani. Aliinua mkono wake wenye vidole vitatu.

"Hata wangu alikuwa amekufa," alisema.

Mkewe alileta koleo la mpini mrefu. Alikisukumia kichwa ndani ya shimo refu, akakifukia. "Siku nyingine muache apite," alisema. "Kaa mbali naye."

Muuza mkaa alitazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa na vidole vyote vitano.