Harusi ya Filamu Iliyoninyang'anya Mchumba

Wasomaji wenzangu, mimi ni Kavira, mama wa miaka arobaini na mbili, mkaaji wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Sijaolewa. Wakati wa vita watu wa hapa walinicheka sana, bila kujua kwamba vicheko vyao vilikuwa vinanimaliza...

Siku hizo nilikuwa na mchumba, Paluku, fundi wa magari kule Beni. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwa baba. Ndipo mpiga picha mmoja wa harusi akaamua kutengeneza filamu ya kuchekesha, watu wasahau risasi kidogo. Akanichagua mimi niwe bibi arusi! Katika filamu, mbuzi anaingia kanisani na kula shela yangu mbele ya padri. Padri mwenyewe alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Mbuzi alikataa shela mara nne, mpaka tukaipaka chumvi. Tulicheka hadi machozi!

Lakini Paluku alikuwa na wivu. Nikamwandikia kwamba niko kijijini Vuhovi, namuuguza nyanya. Kwa nini nilidanganya? Hadi leo najiuliza...

Filamu ilipokwisha, dhamiri ikanisuta. Nikampa rafiki yangu Masika, muuza vitenge aliyekuwa akienda Beni, kaseti pamoja na barua ya kueleza yote. Siku mbili baadaye barabara ikafungwa. Vita! Lori hakuna, simu hakuna. Beni ni mwendo wa saa chache tu, lakini nilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani. Miezi sita bila jibu... Na kila nilipopita sokoni, waliokwisha kuona filamu waliniita, "Bibi ya mbuzi!" Nilitabasamu, kisha nikaenda kulia jikoni.

Barabara ilipofunguliwa nilipanda lori la kwanza. Mlango wa Paluku ulifunguliwa na... Masika! Tumbo lake lilikuwa kubwa.

"Unatafuta nini hapa?" Paluku aliniuliza kutoka ndani. "Nilikuonaka kanisani na macho yangu. Padri alikuwa pale!"

"Ile ni filme, Paluku! Hukusoma barua?"

"Barua gani?"

Masika akatazama chini, kisha akakiri yote. Kumbe alimwonyesha kipande cha kiapo cha ndoa tu, kisha akazima jenereta kabla mbuzi hajaingia, akidai mafuta yamekwisha. Barua alikuwa ameichana.

Paluku alikaa chini, akashika kichwa. "Sasa nifanye nini, Kavira? Mutoto anakuja. Lakini wewe pia uliniandikiaka uko Vuhovi..."

Nilirudi Butembo, na baba akarudisha mbuzi wa watu.

Dada zangu, kaka zangu, Masika alinitendea unyama, lakini kisu nilimkabidhi mimi mwenyewe! Nawasihi, ukiwa na neno la kumwambia umpendaye, mwambie kwa mdomo wako, mapema, hata kama atakasirika. Hasira ya siku moja ningeivumilia... Upweke huu nisingemtakia hata Masika.