Sufuria Ikajibu

Jua lilikuwa linazama kwa uvivu, kama mtu anayerudi kwenye nyumba isiyo na chakula, siku Mama Fua alipojitwika furushi la ovaroli akashika njia ya kiwandani. Jina hilo alipewa na mtaa, maana tangu afiwe na mume mikono yake haikupata kukauka. Sasa walikuwa wamekuja watu wa sinema. Kila siku walizipaka ovaroli masizi, yeye akazifua, kesho wakazipaka tena. Kuchota maji kwa pakacha, wanangu. Alikuwa amechoka hata kuicheka kazi yenyewe.

Kiwanda kilikuwa cha karatasi, kimekufa zamani. Ndani mlikuwa na tangi la chuma, refu kuliko nyumba, ambamo magogo yalipikwa kwa mvuke mpaka yakawa uji. Wafanyakazi waliliita Sufuria. Likishapakuliwa, watu waliingia kwa kimlango cha chini kukwangua ukoko. Na walikuwa na sheria yao wenyewe: kabla ya kufungulia mvuke, gonga Sufuria kwa spana, kisha tega sikio. Akiwamo mtu, atagonga akujibu. Kukiwa kimya, hamna mtu. Fungulia.

Siku ya ajali mwenye zamu aligonga. Kimya.

Akafungulia.

Kumbe watu wamo. Harufu ya dawa ya kulainishia magogo ilikuwa imewalaza kama watoto, nani wa kujibu? Mume wa Mama Fua alikuwa mmoja wao. Hakurudishwa hata ukucha. Alichomwachia mkewe ni mimba, na mimba ndiyo Kitinda, mtoto wake pekee.

Hayo ndiyo waliyokuja kuyaigiza. Kitinda akapata kibarua: usiku abebe mbao za mafundi, mchana avae ovaroli awe mkwangua ukoko.

"Mwanangu, kaburi halichokonolewi," mama alimwambia.

"Mama, ni sinema tu. Halafu huyo baba simjui hata sura. Acha nimwigize, angalau nimzoee."

Maneno hayo yalimkata maini.

Basi jioni ile akafika uani, akatua mzigo. Palikuwa na lori limebeba jiko la mvuke la kukodi, na mpira mnene umeunganishwa na bomba la Sufuria. Mkuu wa sinema, waliyemwita Kofia kwa sababu hakuivua hata akila, alitaka mvuke wa kweli, mweupe, utoke kwa kelele.

"Kitinda wangu yuko wapi?" Mama Fua akamuuliza dada anayewavika waigizaji.

"Nilimwona mchana anapiga miayo, nusura ameze nzi. Atakuwa amekwenda nyumbani kulala."

"Nimetoka nyumbani. Njia ni moja."

Dada akainua mabega. Watu wote pale walikuwa na macho mekundu. Wiki nzima hawajalala vizuri.

"Ndani mmetoka wote?" Kofia akauliza.

"Wote."

Kimlango kikafungwa. Mwigizaji, yule anayemwigiza mwenye zamu, akasogea na spana. Akagonga. Akaweka sikio.

Kimya...

Ngo.

Ngo-ngo.

Mwigizaji akatabasamu. "Nani huyo anacheza?"

"Rudia," Kofia akasema. "Hapa tunataka kimya."

Akarudia. Ile sauti ikarudi polepole, chuma kwa chuma. Moja, halafu mbili za haraka, kama mtu aliyesahau jambo akalikumbuka. Mama Fua akahisi nywele za kisogoni zinasimama. Kugonga kule alikujua. Miaka yote ya ndoa yake, mlango wa nyumba yake uligongwa hivyo hivyo.

"Ni chuma kinapoa," Kofia akasema, anajikuna shingo. "Jua linatukimbia. Fungulia, hiyo sauti tutaitoa baadaye."

Mwigizaji akashika gurudumu la mvuke.

Mama Fua hakujua miguu yake ilivyomfikisha pale. Alijikuta amekanyaga ovaroli safi matopeni, amening'inia kwenye mkono wa mwigizaji.

"Usifungulie," akanong'ona. "Amejibu."

"Nani amejibu, mama?"

"Akijibu haulizwi jina. Fungueni mlango."

Wakatazamana. Kofia akapumua kwa kuchoka, akaashiria kwa kidole. Kimlango kikafunguliwa.

Harufu ikawapiga usoni. Mayai viza. Harufu ile ile ya zamani, ilhali Sufuria haijapikiwa tangu siku ile ya ajali.

Na pale chini, juu ya kipande cha turubai, alilala Kitinda.

Wakamvuta kwa miguu. Alikuwa amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Mikono mitupu. Ndani hamkuwa na spana, hamkuwa na nyundo, hamkuwa hata na jiwe. Mama akampiga makofi, akammwagia maji, akamwita jina lake la utotoni. Mara kijana akakohoa, akafumbua jicho moja.

"Mwambieni huyo mzee aache kugonga," akasema. "Nimemwambia nataka kulala. Hasikii."

"Mzee gani, mwanangu?"

"Huyo aliyenikalia miguuni."

Mama Fua akatazama. Kwenye vifundo vya miguu ya mwanawe kulikuwa na uji wa karatasi, mweupe, mbichi, umeshika kwa umbo la vidole. Akaufuta kwa upindo wa nguo yake. Ulikuwa vuguvugu.

Ngo.

Ngo-ngo.

Kitinda yuko nje. Wote wako nje. Mshika taa akamulika ndani. Kutu. Turubai. Basi.

Mama Fua akainuka, magoti yanalia. Akaweka kiganja kwenye chuma, kama anayempapasa mgonjwa.

"Baba Kitinda," akanong'ona. "Mtoto ametoka. Umemtoa. Sasa pumzika, baba."

Mlio ukasikika mara moja zaidi, dhaifu. Kisha ukakoma.

Kofia ndiye aliyesema kwanza, wala si kwa ubaya, kwa uchovu tu: "Kimya. Basi hamna mtu. Tumalizie, mwanga unaisha."

Mama Fua hakuinua sauti.

"Hata siku ile palikuwa kimya."

Mwigizaji akaweka spana chini taratibu. Kofia akavua kofia yake, akajifuta uso, akamwambia dereva autoe mpira. Hakuna aliyejitolea kufunga kimlango. Kikaachwa wazi.

Mama na mwana wakashika njia ya nyumbani, mtoto ameegemea bega la mama, ovaroli zimebaki kule kule matopeni. Kesho atazifua tena, au hatazifua. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Walipofika kwenye kona, Kitinda akamvuta mkono.

"Mama, twende polepole."

"Miguu inakuuma?"

"Mimi siumwi. Yeye ndiye anasema njia ameisahau."

Nyuma yao, changarawe ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena...

Mama Fua hakugeuka. Lakini alipunguza mwendo.