Sosi ya Marakuja Iliyonifungia Mulango wa Mutoto Wangu

Niko mama wa miaka makumi ine na munane, mujane, naishi Ndosho hapa Goma. Masomo niliachia primeri, basi munisamehe maandiko. Lakini majina nitayataja. Wao waliniogopa? Masika na bwana yake Paluku, ni ninyi!

Masika ni dada mudogo wa marehemu bwana yangu. Tulikimbia vita naye kutoka Kiwanja, tukalala chini ya bashe moja, turubai ya wakimbizi, kule Kanyaruchinya, tukakula sahani moja. Nilimuhesabu kama damu yangu...

Kitu kilichonilisha mimi na mutoto wangu Neema ni sosi ya saladi. Wanaharusi walikuwa wananiita kutoka Himbi mpaka Kibati. Nilichukua marakuja, matunda ya pasheni, zilizokunjamana ngozi, maana zile ndizo tamu, nikakamulia mu kitambaa. Nikatia asali ya Masisi, ndimu, kijiko cha mutarde, ile haradali, kitunguu cha kusagwa na chumvi. Mafuta mwisho, polepole, huku napiga na kanya, uma ya kulia chakula. Ukimwanga juu ya shu, ile kabichi, na karoti, mutu anasikia ukali wa ndimu kwanza, kisha utamu unakuja nyuma.

Lakini ile sosi haingoji! Unaitengeneza siku ile ile ya kula, mu chombo safi. Marakuja na asali vikilala pamoja mu joto, vinaanza kuchacha.

Neema akapata muchumba, kijana wa walokole. Baba yake, Papa Yosua, zamani alikuwa mulevi wa kulala mu mifereji. Mungu akamutoa. Tangu pale aliapa, tone la pombe haliingie mu kinywa chake wala mu nyumba yake. Siku ya mahari alituambia wazi: "Mutupe muke, mutupe chakula, lakini pombe hapana. Hata harufu!" Tukakubali wote, Masika akiwa wa kwanza kupiga makofi.

Sasa, kwetu mama wa bibi harusi hapikake siku ya harusi ya mutoto wake. Anavaa kikwembe kipya, anakaa na wageni. Jikoni inakuwa ya shangazi. Niliogopa kuachilia sosi, lakini ningefanya nini? Nikamufundisha Masika kila kitu. Nikamurudilia: siku ile ile, chombo safi! Akasema, "Mama Neema, unaniona niko mutoto?"

Siku ikafika. Parseli, uwanja wa nyumba yangu, ikajaa watu, viti mpaka juu ya mawe ya volkano. Nikatoka kidogo kwenda choo, nyuma ya jikoni. Hapo ndipo niliona ubaya!

Kando ya babula, jiko ya makala, kulikuwa bidoni ya njano, dumu ya plastiki, imevimba tumbo, inataka kupasuka. Niliitambua. Ilikuwa ile Paluku anabebeamo kasiksi, pombe yake ya ndizi! Kumbe Masika alikamua marakuja na asali tangu mwanzo wa juma, akafungia mule ili siku ya harusi asichoke. Nikafungua kifuniko... pshiii! Povu ikanimwangikia kikwembe. Harufu ilikuwa ya kabare, kule walevi wanakunywaka, si ya saladi.

"Masika, umwange hii! Imekuwa pombe!"

Akanishika mukono mbele ya wapishi. "Mama ya bibi harusi anatafuta nini huku? Wivu inakusumbua! Uende ukae."

Wanawake wakacheka. Paluku alikuwa ameegemea ukuta na kikombe mu mukono. Akalamba midomo, akasema, "Muache shemeji. Hii sosi ni tamu, miye niko pa kikombe cha pili!"

Munasikia? Alijua! Na bibi yake alijua, maana nilimuona akimiminamo sukari ya kuficha ukali. Kisha mafuta, kisha akapiga na kanya kama nilivyomufundisha. Ee Mungu wangu!

Kwa aibu nikaacha jikoni, nikakimbia mbele. Sahani zikaanza kutoka. Ya kwanza ilikuwa ya Papa Yosua, kwa heshima. Nilimuona anainua kanya... Ningenyamaza? Neema alikuwa ananiangalia na meno yote inje, mwenye furaha. Nikapiga kelele: "Papa, usikule!"

Alikuwa amekwisha kumeza.

Yule muzee alifunga macho. Akasukuma sahani mbali, kama mutu aliyeona adui wa zamani mulangoni. Akauliza polepole, "Nani alitengeneza hii?"

Masika akajibu mbele yangu, bila kupepesa jicho: "Ni sosi ya mama ya bibi harusi mwenyewe. Goma muzima wanaijua."

Nikasema ni uongo, nikataja bidoni. Mutu akaenda kuangalia. Bidoni? Ilikuwa imeshaoshwa, imeinamishwa kwa jua! Wapishi wakaangalia chini. Papa Yosua akaniuliza neno moja tu: "Kama si wewe, ulijuaje?"

Na kikwembe changu kilikuwa kinanuka kasiksi...

Walimuchukua Neema. Lakini pale mulangoni kwangu, wakitoka, muzee akasema muguu wangu usikanyage kwake. Neema alilia, "Mama, juu ya nini?" Hakungoja jibu.

Alipozaa, nani aliitwa kumukanda na kumuosha mutoto? Masika! Shangazi! Mimi mama nilisikia habari kutoka kwa muuza makala ya kupikia. Na leo Masika anauzisha sosi yangu mu chupa. Mimi wanaharusi hawaniite tena.

Wamama wenzangu, nawaomba. Kazi inayobeba jina lako usiiachilie mu mikono ya mwingine kwa sababu ya desturi au aibu. Ningemwanga ile bidoni chini, wangenicheka siku moja tu! Niliogopa kuitwa mwenye wivu, nikaacha jikoni, nikaenda kupiga kelele mbele ya watu. Ukiona ubaya, umwange pale pale!

Na wewe Neema, kama mutu anakusomea hii: mutoto wako hajanijua hata sauti. Ile bidoni haikuwa yangu, mwana wangu. Uliza Paluku alikuwa anakunywa nini.