Kiti cha Nyuma Hakiuzwi

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya vilima vya kijiji cha Podeni wakati Sanda alipovua glavu, akaweka kiganja juu ya injini ya pikipiki aliyokuja kuinunua, na moyo ukampasuka paa!

Injini ilikuwa ya moto.

Si moto wa jua. Banda lilikuwa na giza, na Oktoba ya huko haina mzaha, pumzi inaonekana mdomoni. Huu ulikuwa moto wa chombo kilichozimwa dakika kumi tu zilizopita. Sanda alikuwa fundi wa lifti mjini Râmnicu, mikono yake haidanganywi na chuma. Na anayenunua pikipiki ya mtumba hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta baridi, mnaongea. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameipasha mapema ili isikohoe mbele yako. Anakuficha kitu.

"Mama, umeiwasha leo?"

Mama Leontina, mwenye nyumba, alisimama mlangoni mwa banda, kitambaa cheusi kichwani, mikono ndani ya aproni.

"Mimi? Mwanangu, mimi hata ufunguo sijui unaingilia wapi. Haijawashwa tangu Relu wangu alipofariki. Miaka mitatu mwezi huu."

"Alianguka nayo?"

"Hata. Homa ya mapafu. Pikipiki haikumfanya kitu, alikuwa anaipenda kuliko kula."

Mjomba Titel, aliyemleta Sanda kwa gari lake, akamvuta mpwa wake pembeni. "Injini ya moto na mwenyewe marehemu. Sanda, twende zetu."

Sanda hakwenda. Na msimlaumu kabla hamjajua alikotoka.

Alikuwa anatafuta tangu Machi. Alijua anachotaka: pikipiki ya uzito wa kati, silinda mbili, isiyovishwa maplastiki, injini nje kila mtu aione. Waendeshaji wenyewe aina hiyo wanaiita uchi, na wala hawaoni haya. Ndogo alizijaribu, mlima wa kwanza tu zinahema. Kubwa alizijaribu, ukizisimamisha vibaya kwenye mteremko zinakulalia. Dukani muuzaji alimpima kwa macho toka kichwani hadi miguuni, akamwonyesha skuta ya rangi ya waridi.

"Hii ina hata kikapu, dada."

"Kikapuni weka kichwa chako," Sanda akamwambia, akatoka.

Nyumbani mama yake ndiye aliyemalizia. "Miaka thelathini na moja, huna mume, unanunua pikipiki! Nani atakuoa?"

"Ndiyo maana nainunua, mama. Nikichoka na swali hilo niwe na cha kuondokea."

Basi sasa hiyo hapo. Nyeusi, tenki halina hata mkwaruzo, kiti cha kimo chake. Alipoikalia, nyayo zote mbili zilikanyaga chini bapa. Usukani ulimfika mikononi kama uliopimiwa yeye. Na bei yake ilikuwa nusu ya zile alizoziona mjini.

"Wamekuja wanaume saba," Mama Leontina akasema taratibu. "Nimewarudisha wote."

"Walikosa nini?"

"Wewe umeipenda?"

"Nimeipenda."

"Umeolewa?"

"Sijaolewa, na leo sikuja kuolewa."

Yule mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu wafike, na Sanda hakulipenda.

Akabonyeza starta. Betri iliyolala miaka mitatu ilitakiwa iwe imekufa, tena imeoza. Pikipiki ikawaka kwa mguso mmoja. Mjomba Titel akapiga ishara ya msalaba.

"Mjomba, acha hizo. Geuza gari," Sanda akasema. Ukweli ni kwamba nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama, lakini alishaipenda, na aliyependa haambiliki.

Wakaandikiana karatasi jikoni. Mjomba alipotoka kwenda kugeuza gari, Mama Leontina akamrudisha Sanda bandani. Safari hii alishika mkate wa duara, mshumaa uliowashwa umechomekwa katikati, na begani kitambaa cheupe kilichotariziwa.

"Pikipiki nimekuuzia, mwanangu. Kiti cha nyuma hakiuzwi. Hicho ni sadaka ya Relu."

Sanda hakushangaa. Watu wa kwao hawaachi maiti wao waende mikono mitupu. Blanketi, jagi, hata kitanda, unakitoa sadaka kwa aliye hai, mshumaa ukiwaka. Aliye hai anakitumia huku, marehemu anakipata kule. Anayepokea ana jibu lake moja tu, na analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Linatoka lenyewe, kama wewe unavyoitikia marahaba.

Mama Leontina akaweka mkate juu ya kiti cha nyuma. Akamfunga Sanda kile kitambaa mkononi, fundo kali.

"Pokea kwa ajili ya Relu."

"Mungu amrehemu," Sanda akaitika.

Mshumaa ukazimika.

Hapakuwa na upepo.

Nje, Mjomba Titel alitoa kichwa dirishani. "Natangulia, breki za gari hili zinataka polepole. Tukutane kituo cha mafuta, ng'ambo ya daraja. Usikimbie!"

Hakukimbia, ila utamu aliupata. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, pikipiki ikawa inalala na kuinuka hata kabla hajamaliza kuiwazia. Alipiga kelele ndani ya helmeti kwa furaha. Miezi saba ya kuchekwa, na hatimaye hii hapa, yake, ananguruma nayo mlimani! Akasahau injini ya moto. Taa nyekundu za gari la mjomba zikapotea mbele, giza likaanza kushuka kwenye miti, na yeye anaimba.

Halafu akasikia harufu.

Mrehani. Mrehani na nta ya mshumaa. Kule kwao mrehani huwekwa kwenye ndoa na huwekwa kwenye jeneza, kwa hiyo pua haijui ifurahi au ilie. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine… ya udongo uliolowa.

Akatazama barabara. Haikuonekana vizuri. Alidhani giza limezidi, kisha akaona sababu.

Taa ya mbele ilikuwa imenyanyuka. Ilimulika matawi ya miti badala ya lami.

Kila mwendeshaji anajua maana yake. Ukipakia mtu, mkia unashuka, taa inaangalia juu.

Na Sanda hakuwa amepakia mtu.

Akagusa breki kidogo, kujaribu tu. Kitu kizito kikateleza mbele, kikamgusa mgongoni, vilevile abiria anavyosogea ukifunga breki.

"Nani?" akauliza.



"Nimeuliza nani!"

Mikono miwili ikamzunguka kiuno. Taratibu. Kwa adabu. Baridi yake ikapenya jaketi, ikapenya sweta, ikafika tumboni.

"Njia panda…" sauti ikanong'ona, ndani ya helmeti kabisa. "Kunja kulia. Wanatusubiri."

Sanda aliogopa. Tusimsingizie ushujaa. Mbele njia panda ilikuwa inakuja. Kushoto ni darajani, kwa mjomba. Kulia ni kilimani, kwenye kanisa dogo la makaburi, ambalo walipokuja mchana walilipita limefungwa. Jioni hii madirisha yake yote yalikuwa yanawaka. Kodiani ililia huko juu, na fidla, wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao. Na usukani, wenyewe, ukaanza kuvuta kulia.

Akaelewa. Si yote, lakini ya kutosha: akikunja kulia, hatoki kule.

Hapo hasira ikaja. Kaa, Sanda. Shuka, Sanda. Olewa, Sanda. Maisha yake yote kuna mtu anamwonyesha pa kupita, na sasa hata maiti?

"Hata wewe!" akapiga kelele. "Hata wewe unataka kunipangia njia!"

Akabana breki zote mbili. Pikipiki ikasimama katikati ya njia panda, chini ya msalaba mkubwa wa mbao wenye kipaa chake, pale wapita njia wanapovulia kofia.

Alijua la kufanya, na alilichukia. Kiti cha nyuma hufunguliwa kwa ufunguo, tundu liko ubavuni, chini ya mkia. Lakini ufunguo ni mmoja tu, na ulikuwa kwenye swichi. Kuutoa ni kuzima injini. Kuzima injini ni kuzima taa.

Akazima.

Giza.

Kodiani nayo ikanyamaza, ghafla, kama watu wote kule juu wamegeuka kusikiliza. Chuma kilipoa… tik… tik… Na nyuma ya sikio lake mtu alikuwa anapumua, ingawa hakuwa na haja tena ya kupumua.

Akashuka. Mikono ile ikamwachia kiuno, ikabaki imeshika kile kitambaa mkononi.

"Sikiliza, Relu." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Pole kwa kufa kijana. Nakuonea huruma, haki ya Mungu. Lakini mama yako kaniuzia pikipiki. Mimi hakuniuza, na sadaka sikutolewa. Chako ni kiti. Chukua chako ushuke."

Akachomeka ufunguo kwa kupapasa. Haukuzunguka. Vidole vya baridi vilikuwa juu ya vidole vyake.

"Nilikufa peke yangu…"

Ilikuwa sauti ya kijana, tena kijana mpole, na hilo ndilo lililomuumiza Sanda kuliko yote. Kwa muda mfupi alitaka kumjibu vizuri.

"Na mimi nitakufa peke yangu, siku yangu ikifika," akasema. "Si leo. Shuka!"

Ufunguo ukazunguka. Kiti kikafyatuka.

Kilikuwa kiti kidogo, mtoto angekibeba. Sanda alikibeba kwa mikono miwili, mgongo umepinda, anaguna, kwani kilikuwa na uzito wa mtu mzima. Akakiweka chini ya msalaba pamoja na ule mkate, aliokuwa ameutia kifuani mwa jaketi. Akalifungua fundo la kitambaa kwa meno. Kitu kikadondoka kutoka ndani yake, kikalia juu ya jiwe.

Pete.

Hakuigusa kwa kidole. Akaisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye kiti, akaifunika na kitambaa. Nyuma yake springi za pikipiki zikatoa pumzi… fyuuu… mkia ukainuka. Aliporudi na kuwasha, taa ilimulika lami. Akakunja kushoto, hakutazama nyuma hadi darajani.

Mjomba Titel alikuwa anakunywa kahawa kando ya pampu. Alipoona pengo nyuma ya pikipiki, akaweka kikombe chini.

"Kiti kiko wapi?"

Sanda akamweleza, meno yakigongana. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Yule mama ulimwitikia?"

"Nilimwitikia. Nani haitikii?"

"Masikini mtoto wa dada yangu!" Mjomba akavua kofia. "Kijana akifa hajaoa, wanamzika na suti ya bwana harusi, na binti mmoja anavaa shela, anasindikiza jeneza kama mke, ili yule asihangaike. Nilisikia habari za kijana mmoja huku aliyekosa binti. Wote walikataa. Sikujua ndiye huyu. Sasa mama yake…"

"Kanichagua mimi niwe mke wa mwanawe."

"Mama ni mama, Sanda. Kesho asubuhi tunairudisha."

"Hairudi."

"We mtoto una wazimu?"

"Nimetafuta miezi saba, mjomba. Wao wamenichagua dakika tano. Nani ana haki zaidi?"

Mjomba akainywa ile kahawa iliyopoa.

Kesho yake Sanda alifunga kifuniko pale palipokuwa na kiti cha nyuma. Pikipiki ya mtu mmoja. Angependa iwe imeishia hapo, hata mimi ningependa. Lakini asubuhi iliyofuata alishuka gereji, akaweka kiganja juu ya injini kwa mazoea tu.

Ya moto.

Matope mabichi kwenye tairi. Mafuta yamepungua nusu. Gereji ilikuwa imefungwa, na ufunguo yeye alilala nao chini ya mto. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Siku ya nne, kabla ya kwenda kulala, Sanda alishuka akasimama mbele ya pikipiki, mikono kiunoni.

"Relu. Ilikuwa yako kabla yangu, kwa hiyo usiku endesha, sikukatazi. Mchana ni yangu. Kiti ni kimoja, hapandi mtu wa pili, na usinitajie kanisa. Na mafuta jaza mwenyewe, mimi si baba yako."

Asubuhi injini ilikuwa ya moto. Akafungua tenki.

Limejaa hadi mdomoni.

Sanda alicheka peke yake gerejini, akacheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu Podeni. Akajifuta, akavaa helmeti aende kazini, na kicheko kikakatika.

Ndani ya helmeti mlikuwa na harufu ya mrehani.

Helmeti ile haikulala gerejini hata siku moja. Ililala ghorofani, chumbani mwake, juu ya stuli, mkono mmoja tu kutoka kwenye mto wake wa kulalia.

Kisha akafunga mkanda wa kidevuni, akaukaza, akapiga starta.

"Na chumbani kwangu," akasema kwa nguvu, juu ya mngurumo, "utapiga hodi!"

Akatoka kasi kwenda kazini, na siku nzima hakukosea hata nati moja. Jioni alirudi mapema, akatia komeo mlangoni, akaweka helmeti juu ya stuli. Akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, macho mlangoni, akingoja kuona kama Relu ni kijana msikivu.