Kabati Aliloliuza Fundi Mng'aro

Kila ilipoadhiniwa adhuhuri, kabati lilikuna. Kra, kra, ndani kwa ndani, kama kucha za mtu aliyefungiwa. Na lilinuka udongo wa kaburi.

Mwenye duka la samani kuukuu walimwita Fundi Mng'aro, maana vanishi yake ilifufua mbao zilizokufa. Alipiga randa alama za kucha, akapaka vanishi mara tatu, akafukiza udi.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, "kasoro ya mali husemwa. Kuificha ni haramu."

"Nikisema, nani atanunua? Wewe?"

Asubuhi akaja mjane mmoja, mshona nguo. "Lina kasoro yoyote, kaka yangu?"

"Wallahi, dada, safi kama roho yangu."

Likapakiwa mkokoteni. Adhuhuri ile duka lilikuwa kimya, naye akaenda nyumbani kula huku akipiga mluzi. Harufu ya udongo ilimpokea mlangoni. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni jikoni, macho hayapepesi, na kifuani mwake, ndani ya mbavu zenyewe, kitu kilikuwa kikikuna, taratibu, bila pupa, kama mpangaji anayejaribu kuta za chumba kipya, mpaka damu nyembamba ikaanza kumchuruzika puani.

"Kabati umeliuza," sauti ya kiume ilisema kinywani mwake. "Mimi hukunitaja. Kisichotajwa hakijauzwa. Bado ni mali yako, nami sina pa kulala."

Shehe aliitwa, akasoma mpaka sauti ikamkauka. "Nenda kwa mjane," akasema. "Mwambie kweli, umrudishie haki yake, ulichukue kabati lako. Huyu atarudi mwake."

"Mji mzima ujue? Nitauza nini tena?"

Badala yake alimtia mkewe garini, akampeleka kwa wazazi wake.

"Mwanangu ana nini, baba?" mama mkwe aliuliza kwa hofu.

"Hana kitu, mama. Uchovu tu."

Akageuka, akaondoka upesi. Hata kona hajaipinda, mkewe alipiga chafya, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mama mtu akamkimbilia mkwewe na habari njema. Alimkuta ameshuka garini, amepiga magoti katikati ya barabara, shati kalipasua, anajichimba kifua kwa kucha zote kumi, na kila mpita njia anamtolea tabasamu la dukani lililojaa damu.

"Mchukue, ndugu yangu! Bure! Nitakwambia kila kitu, sitaficha hata kimoja!"

Watu wakampisha, wakashika njia zao.