Mtindi Mzito wa Kishiwa

Kila kulipopambazuka, Kishiwa na mumewe Mhoja walikamua ng'ombe. Maziwa ya watoto Kishiwa aliyachemsha. Yaliyobaki aliyamimina mabichi ndooni, akayafunika yagande yenyewe, kama alivyofanya mama yake huko Usukumani. Yakishaganda, aliifunga ndoo nyuma ya baiskeli na kwenda Mikumi, kwa Verdiana, mpishi wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Madereva wa malori waliupenda mtindi wake.

Siku moja Verdiana alifunua ndoo, akakunja uso. Maji ya manjano yalielea juu. Chini kulikuwa na mabonge.

"Shikamoo, mama," Kishiwa alisema.

"Marahaba. Mwanangu, huu ni mtindi au maji uliyofulia nguo?"

Wasichana wa jikoni wakacheka. Kishiwa akatazama vidole vya miguu yake.

"Barabara imeutikisa, mama."

"Barabara ni ile ile. Tena kuna dereva tumbo limemsokota. Niletee mtindi mzito, uliotulia. Ukirudi na maji haya, nitatafuta mtu mwingine."

Mtindi ndio uliowasomesha watoto. Kishiwa alirudi nyumbani akiwa na uzito moyoni. Alipofika, alichukua unga wa ngano ili aukoroge ndani ya ndoo ya maziwa.

Jirani yake, Costancia, akamwona. Costancia alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha maziwa huko Kilosa, naye alikuwa likizo.

"Makubwa! Unasonga ugali wa maziwa?"

"Nataka uwe mzito, dada."

"Kwa unga mbichi, ndani ya maziwa mabichi? Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu wa kuhara, hata wa kifua kikuu. Yachemshe kwanza."

"Nikiyachemsha hayagandi vizuri. Yanaharibika tu."

"Kwa sababu moto umeua vijidudu wote, wabaya na wazuri. Sasa wale wazuri tunawarudisha. Tunatia mbegu."

Akaenda kwake, akarudi na kopo la mtindi wa kiwandani.

"Humu kuna bakteria wazuri, wapenda joto. Wanakula sukari ya maziwa, wanaleta uchachu. Tena wanatoa utelezi."

"Kama mlenda?"

"Kama mlenda, ila hafifu. Wataalamu wanauita polisakaridi. Ni sukari ndogondogo zilizoshikana kama shanga kwenye uzi. Nyuzi hizo hushika maji, yasijitenge."

Mhoja akadakia kutoka zizini, "Yaani tuwauzie madereva mate ya vijidudu?"

"Shemeji, asali unakula. Umewahi kumhoji nyuki?"

Mhoja akacheka.

Costancia akaeleza kwamba utelezi wa bakteria fulani hukaushwa ukawa unga, ukatiwa kwenye michuzi ya chupa ili iwe mizito. Watafiti wanachunguza pia bakteria wa chemchemi za maji ya moto, wajue kama utelezi wao unafaa kwa chakula.

"Ila hao bado wanapimwa," alisema. "Si kila kinachoteleza kinaliwa. Maziwa yakiteleza yenyewe na kunuka, mwaga."

Kesho yake Kishiwa alichemsha maziwa. Yalipokuwa yakitokota, akatia nusu ya mbegu. Akafunika, akangoja. Jua lilipozama, maziwa yalikuwa maziwa tu. Machozi yakamlenga, akamwita Costancia.

"Mbegu uliitia saa ngapi?"

"Yakiwa yanatokota. Si ulisema wanapenda joto?"

Costancia akashika kiuno. "Joto, mdogo wangu! Sikusema moto. Umewapika! Wewe mwenyewe unapenda kuota jua la asubuhi, lakini huingii jikoni ukakalia makaa."

Kishiwa akacheka mpaka akajishika mbavu.

Asubuhi iliyofuata walifanya pamoja. Waliyachemsha maziwa, wakayafunika, wakayaacha yapoe mpaka sufuria ikashikika kwa kiganja bila kuunguza. Wakatia mbegu iliyobaki kwa kijiko safi, wakakoroga taratibu. Wakaifunika sufuria na kuizungushia blanketi.

"Usiitikise, usichungulie," Costancia alionya. "Waache wafanye kazi."

Jioni mtindi ulikuwa umeshikana. Waliupoza usiku kucha kwenye beseni la maji baridi. Asubuhi Kishiwa akajaza ndoo safi, akabakiza mtindi wa kopo dogo ndani ya beseni, akaenda Mikumi.

Verdiana alifunua ndoo, akaiinamisha. Mtindi ukatikisika kidogo, ukatulia. Akachota kijiko, akaonja. Akachota tena.

"Umetia unga wewe!"

"Hapana, mama. Ni bakteria wazuri." Kishiwa akainua macho, akaeleza yote, kuanzia kuchemsha hadi blanketi. Wasichana wa jikoni walisikiliza bila kucheka.

"Basi uniletee kila siku," Verdiana alisema. "Na kesho ongeza ndoo."

Kishiwa alifika nyumbani akiimba. Akamkuta Mhoja ameshika kijiko, anafungua lile kopo dogo lililobaki ndani ya beseni.

Kishiwa hakuwa na mazoea ya kumkatalia mtu. Lakini alilichukua lile kopo, akalifunika.

"Hili hapana, baba. Hii ni mbegu ya kesho."