Uzi Mwekundu Kwenye Kamera

Kila walipokwenda kuzamia, Chiriku alikuwa na kazi moja. Jina hilo alipewa na mjomba wake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa mpiga picha wa chini ya maji, na kamera yake ilikaa ndani ya kasha zito lenye mpira mwembamba wa duara ukingoni. Mpira huo ndio uliozuia maji yasiingie. Kila mara Chiriku aliutoa, akaupitisha polepole kati ya vidole akisaka mchanga au unywele, akaupaka grisi kidogo, kisha akaurudisha.

"Vidole, si kitambaa," mama alizoea kumwambia. "Kitambaa huacha nyuzi."

Siku moja Chiriku alikuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza mama angeshuka naye kwenye matumbawe ya karibu, na tangu alipoamka alikuwa mbele ya kioo akijaribu miwani yake ya kuzamia. Basi aliufuta mpira harakaharaka kwa taulo lake jipya, akafunga kasha.

"Mpira umeukagua kwa vidole?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Tayari, mama!"

Mjomba aliendesha boti. Maji yalikuwa maangavu, na mama alifurahi. Watafiti walizisubiri picha zake ili wajue kama matumbawe yaliyopauka yameanza kupona.

Hapo Chiriku akatazama fulana yake. Ilikuwa imejaa nyuzi nyekundu za lile taulo. Huenda nyingine zilibaki kwenye mpira. Kasha halifunguliwi kwenye boti, maji ya chumvi yanaweza kurukia kamera. Akisema, watarudi nchi kavu, na kuzamia kwake ndiyo basi tena. Akinyamaza, labda hakuna kitakachotokea. Labda.

"Chiriku kanyamaza!" mjomba akashangaa. "Jamani, huyu apelekwe kwa daktari."

Mama alikuwa ameshakaa ukingoni mwa boti, mtungi wa hewa mgongoni. "Nipe kamera, mwanangu."

Chiriku alilikumbatia kasha. "Mama, usishuke nayo! Nilikudanganya. Nilitumia taulo."

Mama alivua miwani. Alikasirika, wala hakuficha. "Nilikuuliza, ukasema tayari! Unajua kamera hii ndiyo kazi yangu?"

"Nisamehe, mama."

Mjomba aligeuza boti bila utani wowote.

Nyumbani mama alilisuuza kasha kwa maji baridi, akalikausha, akalifungua. Uzi mwekundu ulikuwa umelala juu ya mpira.

"Ni huo tu?" mjomba akauliza.

"Huo tu unatosha kuingiza maji," mama akajibu.

Chiriku alilia, kisha akaukagua mpira upya, kwa vidole. Mchana maji yalichafuka, na siku hiyo haikupatikana hata picha moja.

Kesho yake alibeba kamera hadi kwenye boti, akaketi kando ya mjomba.

"Miwani yako iko wapi?" mama akauliza.

"Nimeiacha. Si nilikosa?"

"Ulikosa, na kweli uliniudhi." Mama akaitoa miwani ile kwenye mfuko wake. "Lakini sikiliza. Kule chini hatuwezi kuongea. Nikikuuliza kwa ishara kama uko sawa, nitaamini utakachojibu. Ukinidanganya, unaweza kuumia nami nipo hapo hapo. Mtoto asiyekosea sijamwona bado. Ninayemtaka ni yule anayesema ukweli mapema, hata kama utamkosesha anachokipenda. Jana ulisema. Vaa."

Walishuka taratibu, kila mmoja na mtungi wake wa hewa, wameshikana mikono. Samaki wadogo wa manjano walipita juu ya matumbawe, na Chiriku akasahau kila kitu. Kisha maji yakaanza kumwingia kwenye miwani. Mama aliunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara: uko sawa?

Chiriku alitamani sana kujibu kwa duara kama lile. Badala yake alitikisa kiganja huku na huku, yaani si sawa, akaonyesha miwani.

Mama akampandisha juu, akakaza mkanda wa miwani, akambusu kwenye paji la uso. Kisha wakashuka tena.